Ukimpigia Mama, Kohoa Kwanza

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu na za Mama, ambaye amekaa hapa pembeni akiniuliza kila baada ya mstari kama nimeshamtaja. Nimeshamtaja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua kimetulia baada ya baridi ya huko. Wifi anaendeleaje na mgongo? Watoto nasikia wamerefuka mpaka suruali nilizowashonea zimegeuka kaptura. Niletee vipimo vyao, na tafadhali upime, usikisie.

Sisi tupo. Mama anakula kidogo, analala kidogo, anasema sana. Miguu ndiyo inayomsumbua, na mkono wa kulia unatetemeka hata kijiko kinafika mdomoni nusu tupu. Mimi mwili mzima. Ila pini zinazodondoka sakafuni hazina tena wa kuziokota. Shemeji yako alikuwa akizikusanya kwa sumaku kila nikifunga kazi, akiziita abiria. "Abiria wote wameshuka," alikuwa akisema, kisha ananikabidhi kikopo. Miezi saba sasa nakanyaga abiria.

Barua yako niliipata, pamoja na karatasi ya zile kampuni tatu za simu za intaneti. Umefikiri vizuri kumwekea Mama simu ya vitufe chumbani, maana mwezi ujao narudi kiwandani kushona sare, na atakuwa peke yake mchana kutwa. Simu ya mkononi haiwezi, kidole kinatetemeka kinagusa kila kitu. Nimeona umezungushia kalamu nyekundu kampuni ya kwanza na kuandika pembeni, "Hii ndiyo rahisi kuliko zote." Unasubiri jibu langu tu ujiandikishe.

Jibu langu ni hapana. Na ili uelewe hapana hiyo inanibidi nikwambie jambo ambalo sikulisema msibani. Naandika kwa sababu kwa mdomo nisingefika mwisho.

Kampuni hiyo ndiyo uliyotuunganishia sisi mwaka juzi. Ulimwambia shemeji yako, "Chukueni hii, shemeji, ni rahisi." Wewe ulikusudia bei. Yeye alielewa haina taabu. Alifurahi sana, maana macho yalikuwa yanamwisha, na simu ya mkononi alishaifungia kabatini akisema kioo hakina pa kupapasa.

Taabu ilikuwa moja tu. Umeme ukikatika na kurudi, simu ilikataa kupiga popote mpaka uithibitishe. Unainua mkonga, sauti ya mwanamke inakwambia, "Ili kuendelea, bonyeza alama ya reli."

Unamjua shemeji yako. Miaka thelathini na moja amegeuza njia za treni kwa mikono yake, halafu aambiwe habari za reli na simu. Nilipomwekea kidole kwenye ile alama alicheka. "Hii ndiyo reli? Nguzo mbili zimelala juu ya mbili? Mke wangu, hili ni dirisha la mahabusu. Reli ni hii hapa," akahamishia kidole kwenye nyota. "Stesheni kubwa. Njia zinatoka pande zote."

Nikamwambia, "Mzee, wenye simu hawajawahi kupanda treni."

Basi ikawa hivyo. Nyumbani kwetu nyota ikaitwa reli, na reli ikaitwa dirisha. Umeme ukirudi ananiita, "Mke wangu, kafungue dirisha," wageni wakidhani anasikia joto. Na mimi ndiye niliyekwenda kufungua, kila mara.

Ile Jumanne nilikuwa nimetoka kupeleka sare shuleni. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi nikiwa njiani. Niliwaambia nyote kwamba nilimkuta amelala kwenye kiti na roho imeshatoka. Alikuwa kwenye kiti, hilo ni kweli. Lakini mkonga ulikuwa mapajani, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimefika mlangoni. Kwenye kile kioo kidogo cha simu, pale zinapotokea namba, kulikuwa na nyota kumi na moja zimejipanga mstari mmoja.

Aliambiwa abonyeze reli, akabonyeza reli.

Sikuthubutu kuichomoa ile simu, nikijua nyota zitafutika. Watu walikuja, walikaa, walikula, na hakuna aliyeitazama. Siku ya tano umeme ukakatika wenyewe.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata gari la wagonjwa lingeitwa pengine lisingewahi. Sikumwuliza zaidi. Hilo "pengine" nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Sikwambii haya ili uyabebe. Mzaha ule niliucheka mimi. Ningeweza kubandika kipande cha kitambaa kwenye kile kitufe akakitambua kwa kidole, kazi ya dakika moja kwa fundi cherehani. Wazo hilo lilinijia njiani tukitoka makaburini.

Baada ya mazishi niliwaandikia wale wa kampuni. Ofisi hawana, namba ya kupiga hawana, ni ujumbe tu. Niliwaeleza yote, kwa adabu, nikawaomba waseme namna nyingine, mathalani kitufe cha chini kulia, kwa ajili ya wazee. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mezani. "Asante kwa maoni yako. Je, tatizo lako limetatuliwa? Jibu NDIYO au HAPANA." Nikajibu HAPANA. Likaja lilelile. Nilijibu HAPANA mara nne, kisha nikaona na mimi nimekaa nabonyeza kitu kisichosikia, nikaacha.

Kampuni ya tatu kwenye karatasi yako, ile ghali, nilikwenda ofisini kwao. Wana watu, na watu wazuri. Lakini simu yao ina mambo kama duka la jumla: picha, mikutano, kupokezana simu ofisi kwa ofisi. Kijitabu chake kinene kuliko daftari langu la vipimo. Mama anataka kusema "njoo". Hana mkutano.

Ya pili ndiyo ninayoijaribu sasa, maana wanaruhusu siku kumi za kujaribu. Bei yake inazidi ile yako, sikufichi. Niliwapigia nikasubiri, nikapinda sketi mbili muziki wao ukilia, lakini mwisho akapokea mtu. Fundi wao akaja, akachomoa umeme mbele yangu na kuurudisha. Simu ikaamka yenyewe bila kuuliza swali. Nilimwomba arudie. Alirudia mara tatu, hakuuliza kwa nini.

Kisha akampa Mama mkonga azungumze na mwenzake wa huduma kwa wateja. Mama akauziba kwa kiganja, akamnong'oneza fundi, "Huyu ni mtu au ni redio?"

"Ni mtu, bibi."

"Mwambie akohoe."

Fundi akanitazama mimi. Mama akaondoa kiganja na kumwambia mwenyewe, "Wewe baba, kohoa kidogo nikusikie." Yule kijana wa watu akakohoa huko alikokuwa. Mama akaitikia kwa kichwa akasema mashine hazikohoi, akamwamrisha anywe maji ya moto. Sasa ndiyo desturi yake, hata mimi nikimpigia nikiwa sokoni nakohoa kwanza, ndipo anajibu salamu.

Kitufe kimoja wamekiunganisha moja kwa moja na simu yangu. Nimekata kipande cha jinzi nikakibandika juu yake, na Mama anakipata hata akiwa amefumba macho. Juzi nilimwuliza tukiite nini, ili tusichanganye. Habari za nyota hazijui, na nakuomba asizijue. Akanitazama kama nimeshikwa na homa.

"Kiite kitufe," akasema.

Kwa hiyo andikisha ya pili. Siku za majaribio zinakwisha Ijumaa, na kiwandani hawatanisubiri. Kama bei inakulemea niambie, nitaongeza kwa mkono wangu, lakini neno "rahisi" usiniandikie tena bila kusema ni rahisi kwa nani.

Nisalimie wifi, umwambie asiinue ndoo. Wasalimie watoto, hasa yule wa kati anayependa treni. Ile filimbi ya kazini ya shemeji yako nimemwekea yeye. Mungu awalinde katika nyumba hiyo, awape usingizi, na mtu akimwita mwenzake asikiwe.

Simu ya Mama ukishaiandikisha, mpigie. Ukiona amenyamaza usikate, anasubiri ukohoe.

Anayekupenda tangu alipokubeba mgongoni,
Dada yako.