Bugali Ndani ya Motere

Kindu, mwezi wa tano 1954

Baba yangu mupenzi,

Salamu aleikum. Barua hii ikukute na afya, wewe na Mama na jirani zetu wote wa Pangi. Mugongo wako unaendeleaje? Yule mutu wa mafuta ya mawese alituambia sasa unatembea bila fimbo, tukamushukuru Mungu. Sisi huku wazima, watoto wanakohoa kidogo tu kwa ajili ya mvua. Mimi si mugonjwa, ila nimechoka, Baba. Nikilala naamka nimechoka.

Habari kubwa njo ya kamio yetu. Imepona, lakini usiulize imenila nini. Unajua lori hiyo tuliinunua kwa yule muzungu wa kahawa ikiwa tayari bibi kizee. Ilunga, fundi wetu mutu wa Katanga, alikataa kulehemu tena radiatere inayopoza motere. Alisema imekufa, pompi ya maji nayo imekufa, na kichwa cha motere kimepasuka kwa joto. Tukaagiza vyote Stanleyville. Kila meli ikipiga honi niko bandarini, kama mutu anayengojea bibi arusi. Meli ya kwanza ikaleta radiatere ya gari ndogo, tukairudisha, tukaanza kungoja upya. Ili nilipe, niliuza mabati ya nyumba. Basi radiatere haivuji tena, sasa nyumba njo inavuja. Muke wangu anapanga sufuria chini na hanisemeshi, na haki anayo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kamio ilipokufa nilikuandikia kwamba mukwe wako Kasimu ameiharibu, nami nimemufukuza kazi ya shofere. Sikueleza aliiharibu namna gani, kwa hasira na kwa haya. Nawe ukakasirika kuliko mimi. Ukamuita Aziza, muke wake, arudi kwako, ukasema hutamurudisha kwa bwana asiye na kazi wala akili. Mpaka leo dada yangu iko kwako Pangi, na Kasimu anabeba kuni za meli hapa bandarini. Amekonda sana. Mutu yeyote akitoka Pangi, anamuuliza habari za muke wake.

Hivi njo ilivyokuwa. Ilunga alipofungua motere aliniita nione. Njia za maji zilikuwa zimejaa bugali. Ndiyo Baba, bugali ya muhogo, imeiva ikakauka. Mutu alitia unga ndani ya radiatere ili azibe tundu. Tundu liliziba kweli, lakini unga ukikuta maji ya moto unajua kazi yake, na maji yakakosa pa kupita. Watu wa garaji walicheka mpaka wakakaa chini. Nikaenda kumuuliza Kasimu kama anajua habari ya unga ule. Akaangalia chini, akajibu anajua. Nikamuuliza kama yeye njo alikuwa akiendesha siku unga ulipotiwa. Akakubali. Sikungoja neno lingine, nikamunyang'anya ufunguo mbele ya watu.

Juma lililopita mama Bitota, yule muuza mupunga, alinisimamisha sokoni ili akusifu. Alisema alikuwa ndani ya kamio siku Kasimu alipokurudisha Pangi baada ya Idi. Radiatere ilitoboka katikati ya pori, Kasimu akaomba mungoje ipoe, atafute maji mutoni. Wewe ukamuambia mutoto hafundishi muzee. Ukachota unga kwenye kikapu cha mama Bitota, ukautia kwa mukono wako, na mukafika Pangi salama. Mama Bitota alisema kwa furaha kwamba baba yangu ni fundi kuliko mafundi wote wa Kindu.

Mimi sikuweza kucheka naye. Nilienda moja kwa moja bandarini, nikamushika Kasimu miguu mbele ya wenzake. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza mpaka akakosa kazi na muke pia. Akaniambia, "Ningesema nini? Ni baba ya muke wangu." Halafu akaniapisha nisikuandikie hata kidogo, asikuletee haya uzeeni.

Niliapa, na hapa nimekivunja kiapo. Sikulaumu, Baba. Hukujua, maana kamio ilikufa baadaye, njiani ikirudi Kindu, na mimi ningekuwepo ningekushangilia kama wengine. Anayestahili kulaumiwa kwa ule ufunguo ni mimi, na majuto ni mujukuu.

Lakini Alhamisi kamio inakuja Pangi kuchukua mupunga, na Kasimu njo ataendesha, maana amekubali kurudi. Hataingia kwako. Atasimama barabarani, kwa sababu hajui kwamba unajua. Nakuomba, muambie Aziza afunge vitu vyake, na umusindikize wewe mwenyewe mpaka kwenye kamio. Si lazima useme neno. Akikuona muzee mwenyewe umemubebea muke wake mizigo, ataelewa.

Musalimie Mama, na wote wanaotukumbuka. Watoto wanakubusu mikono. Mungu akulindie mugongo wako.

Mimi mutoto wako,
Bulaimu