Kaa Laini Ishirini

Jumatatu, 4 Machi
Bei ya kaa wagumu imeshuka tena. Wa kufugwa wamejaa sokoni, na mwenye hoteli wetu hataki hata kuwaangalia. Sasa anataka kaa laini — waliotoka kujivua gamba sasa hivi, wa kukaangwa na kuliwa wazima bila kubanguliwa. Yaani wale wale ninaowarudisha baharini miaka kumi na miwili! Ameagiza ishirini, Ijumaa saa sita mchana. Wakitimia, atachukua kila wiki. Akipungua hata mmoja, anahamia kwa wengine. Nimemwambia ahesabu kashapata. Mume wangu akanitazama kama nimeahidi kuleta nyangumi.

Jumanne, 5 Machi
Kaa sitini wanaokaribia kujivua wako majini, kila mmoja na kikapu chake, maana mgumu humla laini bila huruma. Wifi yangu ananicheka, ati nimekuwa mkunga. Acheke. Nawajua kaa kuliko ninavyomjua kaka yake.

Jumatano, 6 Machi
Tisa wameshajivua! Kazi ni kuwawahi tu. Ukimwacha majini saa chache gamba jipya linaanza kukaza, thamani kwisha. Mtoe, mfunike kitambaa kibichi, barafu. Basi.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Mume wangu kaleta kaa wapya kutoka mitegoni. Nikakaa kuchagua kama kawaida: dole gumba tumboni, mgumu kwenye ndoo, laini — baharini. Nimesharusha watatu ndipo wifi akapiga kelele, mama wee, unatupa nini? Mkono ulifanya kazi yake ya miaka yote, kichwa hakikuulizwa. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mume wangu hakucheka. Tuna kumi na saba. Nimejifunga kitambaa chekundu kwenye dole gumba.

Ijumaa, 8 Machi
Saa tatu, kumi na nane. Saa nne na nusu, kumi na tisa.

Saa sita kasorobo. Gari la hoteli limefika, dereva anapiga honi. Wifi ananong'ona tuchomeke mgumu mmoja katikati, nani atajua? Mimi nitajua! Na mwenye hoteli akimgusa tu, tumekwisha.

Ila kikapu cha pembeni — jike kubwa, gamba limepasuka nyuma, anajisukuma kinyumenyume. Nikatoka nikamwambia dereva ninao kumi na tisa, wa ishirini yuko njiani. Njiani kutoka wapi? Kutoka kwenye gamba lake, nikamjibu. Akashuka, akaja mwenyewe kuinama juu ya maji.

Saa sita na dakika nne. Naandika vidole vimelowa. Honi kimya. Dereva anasema mguu umetoka — hapana, miwili! Anatunyamazisha wote, ati tutamtisha. Mume wangu amemletea dereva kiti.