Baba Anamsifu Fundi kwa Egzosi Niliyoifunga Mimi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, ingawa sijui kama swali la gari linaruhusiwa kwenye ukurasa huu, maana kila wiki nikiusoma naona ni mambo ya wachumba na mama wakwe, lakini sina mtu mwingine wa kumuuliza na mdomo wangu hujifunga mbele za watu, kwa hiyo naona afadhali niandike.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tunaishi Kibomet, hapa Kitale. Baba anafanya kazi katika ofisi moja ya serikali Bungoma, hukaa huko wiki nzima na kurudi nyumbani Ijumaa jioni. Tuna Pijo 504 ya rangi ya maziwa, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ambayo babu aliinunua kwa pesa za mahindi kabla baba hajaoa, na siku za kazi hupumzika nyumbani chini ya turubai. Tangu nikiwa mdogo, baba akilala chini ya gari hilo, mimi ndiye hushika tochi. Kushoto kidogo, nyamaza, shika hapo hapo. Nimeshika tochi miaka kumi, na mtu akishika tochi huona kila kitu ila haguswi na grisi.

Sasa, mwezi uliopita baba alipata heda kutoka kwa rafiki yake wa Nairobi. Heda ni mabomba manne yanayotoka kwenye injini, kila moja likibeba moshi wake peke yake, halafu yanakutana chini na kuingia kwenye egzosi. Zamani palikuwa na kipande kimoja kizito cha chuma ambamo moshi wote ulisongamana. Baba alisema gari lilikuwa linakosa pumzi kwenye milima na heda zingeliponya. Mimi nilizipima kwa uzi wa mama wa kushonea nikakuta mabomba yote manne yana urefu sawa ingawa yamepinda kila moja kivyake, na jambo hilo lilinishangaza hata nikashindwa kula vizuri. Nani aliyekaa akafikiria hivyo?

Baba humwamini fundi mmoja tu, Ngige, mwenye gereji ndogo hapa mtaani. Alimwachia gari aifanye kazi hiyo Jumatano, yeye akiwa Bungoma. Lakini Ngige aliumia bega, na nati mbili za nyuma ziko mahali pabaya, kwa hiyo aliponiona nimesimama na tochi yangu akaniambia, "Weka hiyo chini, ushike spana. Mkono yangu haiingii hapo, yako itaingia. Si umekuwa ukinitazama miaka yote kama polisi?"

"Na nani atanishikia tochi?" nikauliza.

"Jua," akasema. "Leo liko bure."

Basi nikaingia. Kwanza ilikuwa nati mbili tu, halafu zikawa nne, halafu Ngige akavuta kiti akawa ananielekeza kwa kidole, na mwishowe kazi yote nikaifanya mimi, kuanzia kutoa kile chuma cha zamani, kukwangua gasketi iliyoshikana, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya vyuma, hadi kukaza heda mpya nikianzia nati za katikati kuelekea pembeni ili zikae bapa. Nilimuuliza kwa nini mabomba yalingane urefu, akasema, "Ndio pumzi ya moja isikanyage ya mwenzake." Mshauri, sijawahi kufurahi hivyo. Shuleni sikuwahi kunyoosha mkono, lakini siku hiyo niliuliza maswali mpaka Ngige akasema ataniletea mwalimu mkuu.

Ijumaa baba alifika, akaenda moja kwa moja gereji, akafungua boneti, akainama.

"Ngige," akasema, "hii ni mkono ya fundi, bana. Angalia vile nati zimekaa. Kama meno ya mtoto."

Ngige akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akasema tu, "Ni mkono mzuri, huo."

Tangu hapo baba anasimulia kila mtu. Jumapili tulipofika kanisani, jirani yetu Mukhisa alisikia mngurumo mpya akauliza, "Wabwile, hiyo gari imeokoka?" Baba akajibu, "Imeokoka, lakini bado inajivunia." Watu wakacheka, wakaulizana fundi ni nani, baba akataja Ngige. Nilikuwa nyuma yake na kitabu cha nyimbo. Nilitaka kusema ni mimi, na pia nilitaka ardhi inimeze, vyote kwa wakati mmoja.

Kuna jambo jingine. Wakati wa kurudi nyumbani nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Baba alisema ni rangi ya mabomba mapya inaungua, itaisha. Jumatatu akiwa ameshaenda kazini nikafungua boneti. Mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta nilikuwa nimeuvuta kando na kuufunga kwa blada, ule ukanda wa tyubu ya gurudumu, kwa sababu Ngige hufunga kila kitu kwa blada na wakati huo alikuwa ameenda kula. Kile chuma cha zamani kilikuwa mbali kidogo, lakini heda zimetokeza, na kutoka bomba la mwisho hadi pale nilipofunga ni upana wa vidole viwili. Blada ilikuwa imekauka na kung'aa kama ukingo wa chapati iliyoachwa kwenye moto. Nilipoigusa ikakatika. Mpira wa petroli nao una alama inayong'aa upande mmoja. Nikachukua blada nyingine nikafunga tena palepale, nikafunga boneti. Tangu siku hiyo jirani akikaanga kitu, nadhani ni gari letu.

Jumamosi hii baba anataka kupita Chwele kumchukua nyanya yetu, ambaye sisi humwita kukhu, na shangazi wawili, awapeleke Matulo wakaonane na wakwe wa binamu yangu Mary Ann. Kukhu atakaa mbele.

Nikimwambia baba kwamba kazi ni yangu, Ngige ataonekana mwongo, na mimi sitakanyaga gereji tena, maana baba alishasema, "Tochi ni sawa. Kulala chini ya gari hapana. Wewe unaenda kusomea ualimu." Nikinyamaza, mkono uliosifiwa utabaki wa mtu mwingine. Naona aibu kukuambia kwamba napenda sana zile sifa, hata zikiwa na jina la Ngige. Baba husoma gazeti kuanzia matangazo ya vifo na huishia michezo, hafiki ukurasa huu. Je, nimwambie kwamba ni mimi, au niache tu sifa zikae zilipo? Namba yangu ya simu iko chini.

Mshika Tochi, Kibomet

JIBU

Binti yangu Mshika Tochi,

Barua yako ilinifikia jana Jumatano, nami sikungoja siku ya gazeti. Nilipiga namba uliyoiacha mara tatu, hukushika. Nikatuma ujumbe: "Gari lisiwashwe mpaka mpira wa petroli uhamishwe." Ukajibu neno moja: "Sawa." Nashukuru. Lakini hiyo sawa umenipa mimi, na mwenye ufunguo wa gari ni baba yako.

Umeniuliza kuhusu sifa. Umeziandikia sifa hizo barua nzima, na ile blada ukaichomeka katikati ya barua kama mtu anayeficha sufuria iliyoungua chini ya nyingine safi. Mimi nitaanza na sufuria iliyoungua. Petroli, joto, na kukhu kwenye kiti cha mbele. Hapo hakuna swali la nimwambie au nisimwambie.

Mimi gari najua kupanda na kushuka tu, kwa hivyo nilimpigia Khairunisa, fundi wa magari pale Bungoma, mwanamke ambaye amefungua injini kwa miaka kumi na tisa. Nilimsomea barua yako. Pale kwenye uzi wa kushonea alicheka akaniambia nirudie. Pale kwenye blada hakucheka. "Ya kwanza ni kosa," akasema, "hata mimi nilifunga hivyo nikianza, sote tunafunga hivyo. Ile ya pili si kosa. Alishaona imeungua."

Nami nasema hivyo hivyo. Blada ya kwanza uliifunga kwa kutojua. Ya pili uliifunga ili baba asijue. Usiyachanganye hayo mawili, na ukisimama mbele yake yataje yote mawili.

Hofu yako naielewa. Umekaa kimya miaka mingi, na siku ya kwanza mkono wako unasifiwa, unaambiwa ni wa mtu mwingine. Inauma, na inafurahisha, na si dhambi kutaka kuambiwa umefanya vizuri. Lakini huwezi kuchukua nati zilizokaa kama meno ya mtoto ukamwachia Ngige blada. Kazi ni moja. Ukiidai, uidai yote.

Ngige naye nina neno naye. Mtu akimwachia mwanafunzi kazi huikagua kabla ya kufunga boneti, awe ameumia bega au la. Leo, kabla baba hajafika, nenda gereji umwonyeshe ile blada iliyokatika. Mwambie unamwambia baba kesho na ungependa awepo. Akija, vizuri. Asipokuja, utakwenda peke yako.

Khairunisa ameagiza hivi, yaandike. Mpira wenye alama inayong'aa umeshaungua kwa ndani, hauaminiki: nunueni mpya, ule wa petroli, si wa maji. Upitisheni upande wa mbali na heda, ushikwe kwa klipu za chuma, na kati yake na mabomba pawe na kipande cha bati. Liwasheni gari mpaka lipate joto, lizimeni, lipoe kabisa, kisha mkaze nati zote tena, kwa sababu gasketi mpya hulegea baada ya joto la kwanza. "Na aanzie katikati kama alivyofanya," akasema. "Hiyo sikumfundisha mimi, amejua kuuliza." Blada zenu wapeni watu wa bodaboda wafungie mizigo.

Kuhusu ualimu sitasema mengi. Baba yako hajakataa fundi, amekataa picha ya binti aliyelala chini ya gari, kwa sababu hajawahi kuiona. Hilo halitamalizwa kwa barua.

Sasa fanya hivi. Kesho Ijumaa akiingia, kabla hajavua koti, sema: "Baba, heda nilifunga mimi, na kuna mahali nimekosea. Gari lisitoke." Maneno hayo yanatosha, usiyaongeze. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, kisha mfungulie boneti umwonyeshe ule upana wa vidole viwili. Kukhu anaweza kungoja mpaka mchana, Matulo haihami.

Jumamosi asubuhi mpira utakuwa bado unahitaji kuhamishwa, bega la Ngige litakuwa bado bovu, na mkono unaofika nyuma ya injini hiyo utakuwa bado ni mmoja. Ingia chini ya gari, binti yangu, na umpe baba yako tochi. Akiisogeza vibaya, mwambie kwa heshima: kushoto kidogo, nyamaza, shika hapo hapo.