Nyamisi Karibu Avuke

Jumanne jioni, Kisorya

Shule imefungwa kwa sababu ya kipindupindu, sawa, sibishi. Lakini gulio linaendelea, pombe inauzwa, na mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, watu wanabanana kama kawaida. Ugonjwa uko darasani tu?

Leo nilikwenda kwa akina Nyamisi, msichana wangu hodari wa darasa la saba, kumpelekea maswali ya hesabu. Nikamkuta baba yake anashona nyavu.

"Ameenda kivukoni, Mwalimu. Anavuka Ukerewe akamlelee shangazi yake mtoto."

"Na mtihani, Baba Nyamisi?"

"Si nyie mmeifunga shule? Alikuwaga anasoma, sikumzuia. Sasa akae bure?"

Swali hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Nilikimbia kivukoni, viatu mkononi. Nyamisi alikuwa amesimama kando na furushi lake. Bwana afya amewarudisha abiria wote wa upande wetu kwa kuwa tuna wagonjwa; havuki mtu mpaka ugonjwa uishe. Ni amri ileile iliyofunga shule yangu. Sikujua nicheke au nitukane.

"Mwalimu, baba si atanigombeza?"

Tukarudi pamoja. Baba yake alitutazama, akasema, "Basi mfundishie kwako. Lakini kivuko kikifunguliwa..."

Akarudi kwenye nyavu zake.

Kesho tunaanza na hesabu za sehemu. Sabuni ya kunawia sina, chaki zimebaki vipande. Na Mungu anisamehe, leo nimeomba kivuko kisifunguliwe mpaka mtihani upite, nami najua kabisa ninachoomba.