Kabla Hujampa Delin Bakuli Langu

Mdogo wangu Suqin,

Pokea salamu za kaka yako, na kabla ya yote niambie goti lako linaendeleaje. Baridi ya huko Meikeng huanza mapema kuliko ya huku mjini, nami najua hukai ndani hata uambiwe na daktari. Umeshawasha jiko la makaa chumbani, au bado unayabana makaa mpaka theluji ianguke? Viazi vikavu ulivyotuma vimefika salama. Siwezi tena kuvitafuna, lakini mwanangu Kexun aliviloweka akavipika ndani ya uji wa mchele, nikala vijiko saba. Alivihesabu.

Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa miaka themanini na minne mwenye uvimbe kwenye ini anavyoweza kuwa hajambo. Daktari amesema huenda nikauona mwaka mpya, huenda nisiuone. Alimwambia Kexun kwenye korido akidhani sisikii, kumbe nimefundisha kemia miaka thelathini na sita na sikio langu limezoea minong'ono ya dawati la nyuma. Usilie. Sikuandikii kwa sababu ya ini.

Nakuandikia kwa sababu ya simu yako ya Jumatano. Ulinieleza kwamba umekaa na wazee wa ukoo, na mmekubaliana kwamba siku jeneza langu litakapoinuliwa, atakayesimama mbele na kuvunja bakuli la udongo, heshima ya mwisho ya mwana kwa mzazi, ni Delin, mtoto wa marehemu kaka yetu, wala si mwanangu wa kumzaa. Ulisema mtu aliyemtupa mama yake hana mikono ya kumvunjia baba yake bakuli. Nilipotaka kusema neno ulinikata, ukaniambia, "Kaka, hebu nyamaza. Moyo wako laini kama tofu, ndiyo maana mtoto amekupanda kichwani." Kisha ukauliza Kexun amefuata nini hapa. Eti leo ndiyo kakumbuka kwamba ana baba, au kaja kupima kuta za nyumba?

Simu ilikuwa kwenye spika, Suqin, kwa sababu mkono wangu huchoka kuishikilia sikioni. Kexun alikuwa amechuchumaa mbele yangu ananikata kucha za miguu. Alisikia yote. Alimaliza mguu wa kulia, akahamia wa kushoto.

Sasa acha nikueleze alivyofika hapa, maana hukuwahi kuniuliza nami sikuwahi kukuambia. Mwezi wa tatu, kabla hatujajua habari ya ini, alinipigia kutoka Xiamen kama kawaida yake ya kila Jumapili. Nikamjibu kwamba sijambo, nakula, nalala. Akasema hiyo "sijambo" yangu ameshaisikia mahali. Kesho yake akawa mlangoni. Alinikuta sijaoga siku tisa, mapazia yamefungwa, chakula alicholeta Bibi Rao jirani yetu kimeota ukungu mezani. Nilikuwa natazama ukuta. Sikuwa na huzuni ya kitu fulani. Ni kama mtu alikuwa amezima taa ndani yangu akaondoka na swichi.

Kexun hakunigombeza. Alinipeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, nami sikuwa na nguvu ya kubisha. Daktari, mwanamke mdogo kuliko wanafunzi wangu wa mwisho, alisema ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na wazee wengi wanao ila huuita tumbo au kukosa usingizi. Akaandika dawa. Kexun aliomba likizo bila mshahara, mkewe akamwambia akae mpaka kieleweke, na tangu siku hiyo kila asubuhi husimama mbele yangu na glasi ya maji ya vuguvugu mpaka nimeze.

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili niliamka nikatamani figili. Figili tu, yenye chumvi na mafuta ya ufuta. Kexun alifurahi mpaka akaenda kumwambia Bibi Rao. Mimi nilibaki kitandani nimejifunika shuka mpaka usoni, kwa sababu nilielewa kwamba dawa inafanya kazi. Nimeishi na jambo hilo miezi minane, na limenila kuliko uvimbe.

Ili uelewe kwa nini, lazima nirudi kwa Huizhen.

Unakumbuka mke wangu alikaa Xiamen miaka saba kumlea mjukuu, nami nikabaki hapa. Mtoto alipoanza kwenda shule mwenyewe, Huizhen akaacha kulala. Alikunja nguo zilezile, akazikunjua, akazikunja tena. Alimwambia mkwe wake kwamba yeye sasa ni mdomo wa kula bure. Kexun akampeleka hospitali, na daktari wa huko akasema alazwe wiki sita, kisha akae kwa mwanawe, asiachwe peke yake. Kexun alinipigia kunieleza. Nilipanda treni kesho yake.

Nilimwambia mwanangu kwamba mke wa Mwalimu Zhong hatalala na vichaa. Nilimwambia kwamba nusu ya wilaya hii nimeifundisha mimi, na kila mmoja wao ana mdomo. Kexun alibishana nami kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliposhindwa kwa maneno alipiga magoti kwenye korido ya hospitali, mtu wa miaka arobaini na nane, manesi wakapita wakitukwepa. Nilimruka nikaenda kumchukua mama yake. Ndani ya treni Huizhen aliniuliza kama kuna kosa alilofanya mpaka anaondolewa.

Ulikuja kutupokea stesheni na yale mablanketi yako. Ulimwona alivyokonda, ukanivuta pembeni ukauliza amerudishwa kwa nini. Jibu la kweli lilikuwa na neno moja ambalo sikuweza kulitamka. Nikasema, "Nyumba ya Kexun imekuwa ndogo kwa mama yake." Nilisema hayo tu, mengine ukayajaza mwenyewe. Ilipofika siku ya kufagia makaburi ya mababu, Meikeng nzima ilikuwa inajua kwamba Zhong Kexun kamtupa mama yake kama ganda la karanga.

Alipokuja kumwona mama yake hakuna aliyemsalimia njiani. Niliketi naye nikamwomba asiseme kitu. Nilimwambia kwamba mama akijulikana ana ugonjwa wa akili jina lake litaoza, na mjukuu atakapotaka kuoa watu watachunguza damu. Akasema, "Haya, Baba. Mimi nina mgongo mpana, nitabeba."

Amebeba, Suqin. Siku ya kumzika Huizhen ulimnyang'anya bakuli mbele ya ukoo mzima ukampa Delin, ukamzaba kofi, ukamwita nyoka aliyenyonyeshwa. Alipiga magoti kwenye mawe yenye maji na kugusa ardhi kwa paji la uso mpaka likachubuka. Aliinua macho mara moja kunitazama. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo yangu natazama milima.

Hayo yote Kexun aliyajua. Yanayofuata hakuyajua mpaka leo asubuhi, na wewe unayasoma saa chache tu nyuma yake.

Kila mwezi Kexun alikuwa anatuma dawa za mama yake kutoka Xiamen. Nilisoma karatasi iliyokuwa ndani ya kisanduku, nikaona orodha ya madhara, nikajiambia kwamba mimi ndiye mwanakemia katika nyumba hii. Nilidhani Huizhen anahitaji chakula cha moto, matembezi, na mtu wa kumwambia aache kudeka. Nilimwaga vidonge chooni nikajaza chupa kwa vitamini. Kila asubuhi nilimpa kimoja. Kila asubuhi alinishukuru. Jumapili Kexun aliuliza kwenye simu kama anameza dawa, naye akajibu kwamba anameza, huku amenikazia macho mimi kuona kama amejibu vizuri. Alikuwa anasema kweli kwa kadiri alivyojua.

Alianza kuniomba nimrudishe kwa Kexun. Alisema kule walikuwa wanamsikiliza. Nikachukua kitambulisho chake nikakifungia kwenye droo, kwa kuwa bila kitambulisho hakuna anayeuziwa tiketi ya safari ndefu.

Mwezi wa kumi na mbili wanafunzi wangu wa zamani walinialika karamu. Nilikwenda. Huizhen alitoka nyumbani na malapa ya ndani na koti jepesi, akatembea mpaka kituo cha mabasi. Kwenye dirisha aliomba tiketi ya Xiamen. Binti wa tiketi akamwomba kitambulisho, naye akajibu, "Mume wangu analeta." Akaenda kuketi kwenye benchi. Milango ya ukumbi ule haifungiki, na siku hiyo ilinyesha theluji iliyochanganyika na mvua. Binti yule aliniambia baadaye kwamba alimpelekea maji ya moto mara mbili, na kila alipomuuliza mzee yuko wapi, Huizhen alijibu yuko njiani. Nilipompata ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni, midomo imekuwa ya buluu. Nimonia ikamchukua kwa siku tisa. Wewe nilikwambia baridi ilimpiga sokoni.

Hakuwa anakwenda sokoni, dada yangu. Alikuwa anakwenda kwa yule unayesema alimtupa.

Leo asubuhi Kexun alipoleta glasi nilimwambia asimame kwanza, nikamweleza yote. Aliuliza swali moja tu: kama mama yake alijua vile vidonge si dawa. Nikasema hakujua. Aliweka glasi mezani, akavaa koti, akatoka. Simu yake ameiacha. Mkewe amepiga mara mbili nami nimeisikia ikilia. Sasa ni saa tisa alasiri. Kidonge cha leo nilikimeza mwenyewe. Naandika haraka kwa sababu sitaki useme kwamba alisimama nyuma yangu akiniamuru, na kwa sababu sijui kama atarudi. Akirudi au asirudi, ombi langu ni hili: wasomee wazee barua hii kwa sauti, sasa, ningali hai, ili mwenye kunitukana aje anitukane usoni. Mwambie Delin hana kosa ila hilo bakuli si lake. Na kofi lile, Suqin, lilikuwa langu. Lilipotea njia.

Nilikuwa nimeishia hapo. Kexun amerudi.

Viatu vyake vimelowa. Hakusema alikuwa wapi, ila alipokuwa anavua koti aliuliza ni benchi lipi. Nikamwambia la tatu, karibu na dirisha la tiketi. Akaitikia kwa kichwa. Hanitazami machoni. Sikumwomba msamaha, maana angeona ni wajibu wake kunipa, na mambo ya wajibu ameshafanya ya kutosha katika nyumba hii.

Aliiona barua mezani akaisoma kwa kusimama. Kisha akaniomba niichane. Alisema una presha, na kwamba umeamini ulichoamini miaka sita. Ukijua leo ulimpiga nani na kwa kosa la nani, hutalala tena. Alisema, "Muache Shangazi, Baba. Mimi nimeshazoea." Yuko jikoni sasa, nasikia anaosha mchele.

Nimemwambia sawa, nitaichana. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwake, na ndio pekee nisioujutia. Bibi Rao atapita kesho asubuhi kuleta mboga, na barua hii itaondoka chini ya majani ya kikapu chake.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, na mtoto wa Delin aliyezaliwa majuzi. Meza dawa zako za presha kabla ya kumpigia Kexun. Mpigie kwanza yeye, mimi baadaye.

Ni mimi, kaka yako,
Zhong Yanbo