Hesabu ya Majani ya Ngitili

Mjukuu wangu Kulwa, mwangaluka. Hapa Somanda tuko wazima, na bibi yako anakusalimu.

Umeuliza ngitili yetu, yale malisho tunayoyafunga masika, ina aina ngapi za mimea. Shajara yangu ya ujana imenichanganya upya. Baba alitaka kuilima ipandwe pamba, akidai haina kitu. Alihesabu majani ya ng'ombe tu, tisa. Mama akamcheka, "Baba Masanja, mboga na dawa zangu ni takataka?" Zake kumi na saba. Mimi nikapata arobaini, kesho yake thelathini, kumbe machanga na yaliyochanua nilikuwa nimeyahesabu mara mbili.

"Siwezi kulima tusichokijua," baba akasema, akawafungua maksai kwenye plau.

Mpaka leo hatujaafikiana. Ngitili ipo, njoo uhesabu na wewe, utuvuruge zaidi.

Babu yako Masanja