Widad Apelekwe Darasani

Maskati

Jawad,

Salamu sikuletei. Picha za akika ya mwanao nimeziona, mbuzi walinona. Lakini Khulud, jirani yako hapo Temeke, ameniambia mkeo Widad halali usiku, hali chakula, na anaogopa kumshika mwanawe. Nesi amewaita nyote wawili kwenye darasa la wazazi wapya, nawe ukamjibu, "Arobaini haijaisha, mke wangu hatoki. Anadeka tu huyo."

Mama yako alilia hivyo hivyo ulipozaliwa. Tulimfungia chumbani kwa heshima ya arobaini, na siku ya kumfungulia alijitosa kisimani. Umekua ukiambiwa aliuawa na homa. Aliyeshika ufunguo ni mimi.

Alhamisi mpeleke, uketi naye darasani. Ukikataa, usiniite tena shangazi.

Khairiya binti Thuwaini